Sura ya Saba: Darasa Baada ya Zamu

Tanganyika ilipata uhuru mwaka 1961 ikiwa na madaktari wazalendo 12. Mwalimu Nyerere aliitaja hesabu hiyo mara nyingi, pamoja na ile ya wahandisi wawili, na kila aliyepita kwenye somo la siasa enzi zile ameisikia. Kilichofanyika baada ya hapo husimuliwa kwa nadra. Nchi haikuweza kungoja vijana wamalize kidato cha sita, wasome udaktari miaka mitano, ndipo mama wa Kasulu aliyeshindwa kujifungua apate mtu wa kumpasua. Mwaka 1963, mwaka uleule chuo cha udaktari kilipofunguliwa Dar es Salaam, ilianza pia kozi nyingine isiyo na makuu: waganga wa ngazi ya kati waliokwisha kuzoea wagonjwa walitolewa vituoni, wakarudishwa darasani, wakatoka wakiwa madaktari wasaidizi. Watu wa hospitali huwaita kwa herufi tatu tu, AMO.

Sharti la kuingia kozi hiyo ndilo lililonifanya nianze nao sura hii. Hakuna aliyeingia akitokea shule moja kwa moja. Ilibidi uwe tabibu, uwe umefanya kazi si chini ya miaka mitatu, ndipo uombe nafasi Ifakara, Bugando au KCMC. Mafunzo yalikuwa ya miaka miwili, na ndani yake kulikuwa na miezi mitatu ya upasuaji na miezi mitatu ya uzazi. Chini ya kozi hiyo kulikuwa na vipandio vingine. Alikuwapo mganga msaidizi wa vijijini, aliyechukuliwa baada ya elimu ya msingi na kufundishwa miaka mitatu. Akijituma alisogea kuwa tabibu msaidizi, kisha tabibu. Na wapo AMO waliorudi tena chuo kikuu kuchukua shahada ya udaktari. Mtoto wa mkulima aliyeishia darasa la saba aliweza, kipandio baada ya kipandio, kujikuta ndani ya chumba cha upasuaji na yeye ndiye ameshika kisu.

Alikishika sawasawa? Watafiti waliofuatilia hospitali 14 za mikoa ya Mwanza na Kigoma mwaka 2006 walichambua upasuaji mkubwa wa uzazi zaidi ya 1,000. Sehemu kubwa ilikuwa imefanywa na AMO. Walipolinganisha matokeo ya kazi yao na ya madaktari wenye shahada, hawakuona tofauti ya maana, wala kwenye usalama wa wagonjwa wala kwenye ubora wa huduma. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2009 katika jarida la Health Affairs la Marekani, na tangu hapo yametajwa sana na wanaotetea kada kama hii katika nchi nyingine za Afrika.

Sababu zipo nyingi, na walimu wao wanastahili sifa. Mimi naona kubwa kuliko zote ni mpangilio: kazi, kisha darasa, kisha kazi tena. Tabibu aliyekaa miaka mitatu kwenye kituo cha afya kando ya Ziwa Tanganyika amewapakia kina mama wangapi kwenye boti, na dripu mkononi, kwa sababu yeye hakuwa na ruhusa wala ujuzi wa kuwapasua? Kila safari ile ilimwachia swali. Akikaa darasani, mwalimu akachora ubaoni mfuko wa uzazi uliochanika, kijana aliyetoka kidato cha sita ananakili mchoro. Tabibu anamkumbuka mtu.

Hilo ndilo neno langu katika sura hii nzima. Masomo yanayomjenga mtu na kumfanya aipende kazi yake ni yale yanayoanza na deni alilolipata kazini. Ukiwa na deni, hata mhadhara uliopooza unasikika, kwa kuwa unatafuta kitu ndani yake. Usipokuwa nalo, mhadhara mzuri unageuka burudani.

Wengi wetu tunafanya kinyume. Tunasoma ili tuikimbie kazi. Tunaangalia jirani kasomea nini, gazetini kunatangazwa nini, tunajaza fomu ya ugavi na manunuzi, au ya mipango ya miradi, au ile shahada ya uzamili ya biashara ambayo sasa kila ofisi ina watu watano wanayo. Siyalaumu masomo yenyewe. Ninachouliza ni hiki: wiki iliyopita, mezani kwako, ni jambo gani lilikushinda, na kozi hiyo inaligusa wapi? Mtu akishindwa kunijibu huwa namshauri aiweke ada yake kando kwanza, hata kama dirisha la maombi linafungwa Ijumaa. Litafunguliwa tena.

Nairobi walikutana kwa sura nyingine na tatizo la kuwasomesha watu walio kazini tayari. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Kenya ilikuwa na wauguzi zaidi ya 20,000 wa ngazi ya cheti, na Baraza la Wauguzi lilitaka wapande hadi diploma. Ukimwi na dawa mpya vilikuwa vimeyaacha nyuma mafunzo waliyopata ujanani. Vyuo vya bweni vilichukua watu wachache mno. Hesabu iliyopigwa ilionyesha kwamba kwa kasi ile kazi ingechukua miaka 100 au zaidi. Na hata kama nafasi zingekuwapo, ungewatoaje wodini? Katika zahanati nyingi za mashambani muuguzi huyo ndiye daktari, ndiye mfamasia, na ndiye mwenye funguo za stoo.

Mwaka 2005, shirika la Amref, lile lililoanza mwaka 1957 kwa ndege za madaktari, lilishirikiana na Baraza hilo na kampuni ya Accenture kuanzisha masomo kwa njia ya kompyuta. Vituo vya kompyuta viliwekwa kwenye hospitali na vyuo vya uuguzi sehemu mbalimbali za nchi. Muuguzi alimaliza zamu, akakaa mbele ya skrini. Mazoezi ya vitendo aliyafanya wodini, chini ya msimamizi. Wengi hawakuwa wamewahi kugusa kipanya, kwa hiyo somo la kwanza kabisa lilikuwa kukizoea.

Siku hizi kila mtu anaisifu intaneti kwa mambo kama haya. Kompyuta ilisaidia, bila shaka. Ila tuangalie kilichokuwa karibu na kompyuta ile: ni wodi. Alichosoma Jumatatu usiku kuhusu mama anayetokwa damu baada ya kujifungua, aliweza kukutana nacho Jumatano kitanda cha tatu. Ukimpa muuguzi huyohuyo masomo yaleyale akiwa amekaa nyumbani mwaka mzima bila mgonjwa, nina shaka kama yangemkaa. Ndiyo maana namwambia anayenunua kozi za mtandaoni kwa simu yake aangalie kwanza kama kazi anayoifanya sasa itampa nafasi ya kujaribu anachosoma ndani ya wiki hiyohiyo. Kama haitampa, video zile atazitazama kama tamthilia, na zitaisha kama tamthilia.

Nisiipake rangi hali yenyewe. Kusoma baada ya zamu kunachosha kuliko vipeperushi vya vyuo vinavyosema. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria mwaka 1992 na kupokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1994, kilianzishwa kwa ajili ya watu wa namna hii hasa, walioajiriwa, wenye watoto, wanaoishi mbali na Dar es Salaam. Uhuru wa kusoma kwa mwendo wako ni zawadi, na ni mtego pia: hakuna kengele. Jumamosi uliyoipangia kitabu si yako peke yako. Kuna kikao cha harusi, kuna msiba, kuna vikoba, kuna mgeni kutoka kijijini aliyeshuka na basi la usiku. Kwa mwanamke mzigo ni mara mbili, maana akifungua daftari saa tatu usiku ndipo mtu anapouliza kesho watoto watakunywa uji gani. Waliofanikiwa, kadiri ninavyowajua, hawakutegemea wikiendi. Waliiba nusu saa kila siku, mara nyingi alfajiri, na walikaa na wenzi wao mapema wakazungumza kwa tarehe na kwa shilingi: masomo yataisha lini, yatakula kiasi gani, na nani atampeleka mtoto kliniki mwezi wa mitihani.

Sasa tuje kwenye cheti, maana huwezi kuzungumzia kujiendeleza katika nchi zetu bila kukigusa. Aprili 2017 Rais Magufuli alikabidhiwa mjini Dodoma ripoti ya uhakiki iliyowataja watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Waliondolewa kazini. Mjadala mzima ulihusu udanganyifu, na udanganyifu ulikuwapo. Mimi nilivutwa na jambo la pembeni. Baadhi yao walikuwa wameifanya kazi miaka na miaka bila kugundulika, hadi makaratasi yao yalipopekuliwa. Baina ya karatasi na kazi kulikuwa na pengo pana kiasi cha mtu kupita bila kuinama.

Ndugu mdogo wa cheti cha kughushi ni cheti halali kisicho na kitu ndani. Unakijua. Siku tatu hotelini Morogoro, begi lenye nembo, chai ya saa nne na sambusa, kazi za vikundi kwenye makaratasi makubwa yaliyobandikwa ukutani, picha ya pamoja, posho, halafu cheti chenye jina lako limekosewa herufi moja. Tena aliyechaguliwa kwenda mara nyingi ni yule aliye karibu na mkubwa, wakati anayeifanya kazi hiyo yenyewe amebaki kuangalia ofisi. Sisemi usiende, posho ni hela, na mtu ana karo za kulipa. Ila mwezi mmoja ukipita jiulize ni kitu gani mezani kwako unakifanya tofauti. Ukikosa hata kimoja, usiijaze semina hiyo kwenye wasifu wako. Siku ya usaili atatokea mtu akuulize ulijifunza nini pale.

Elimu haina mwisho, tunaambiwa. Ada nayo haina. Kwa hiyo kabla ya kulipa kuna makaratasi ya kusoma, na kwa mtumishi wa umma wa Tanzania karatasi ya kwanza ni muundo wa utumishi wa kada yake. Humo ndimo imeandikwa diploma inampeleka wapi, shahada inampeleka wapi, na zipi hazimpeleki popote. Chukua mwalimu wa shule ya msingi anayesomea sheria jioni. Anahitimu, anaomba kubadilishiwa kada, anajibiwa kwamba nafasi haipo kwenye ikama wala kwenye bajeti. Anaona ameonewa. Lakini halmashauri ilimwajiri kwa sababu ilihitaji mwalimu, na bado inamhitaji mwalimu yuleyule. Angeuliza kabla, huenda angesoma sheria hiyohiyo akijua kwamba anaisomea kwa ajili ya kuja kuondoka, au angechagua elimu maalumu ambayo shule yake inaililia. Yote mawili ni maamuzi ya heshima. Kinachoumiza ni kugundua baada ya kuhitimu. Na usisahau kuuliza kama kozi yenyewe imesajiliwa, NACTVET kwa vyuo vya kati, TCU kwa vyuo vikuu; swali la dakika tano ambalo watu wameliruka wakajuta miaka.

Upande wa sekta binafsi kuna fedha ambazo wafanyakazi wengi hawajui kuwa zinatozwa kwa jina lao. Tanzania ina tozo ya kuendeleza ujuzi, SDL, inayolipwa na mwajiri kwa asilimia ya mishahara anayolipa: ilikuwa asilimia 6, ikapunguzwa kwa awamu hadi 3.5 mwaka 2023, na sehemu yake huenda kwa mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, VETA. Kenya mwajiri hulipa shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi, zinazokwenda kwa mamlaka ya mafunzo ya viwandani, NITA, na akiwapeleka watu wake kwenye mafunzo yaliyoidhinishwa anaweza kudai arudishiwe gharama. Mwulize afisa wa rasilimali watu wa kampuni yako kama wamewahi kudai. Uliza kwa upole, lakini uliza.

Kuna kundi lililoanza na kazi bila kushauriwa na kitabu chochote, nalo ni mafundi. Kijana anaingia gereji kushika spana na kuosha vyuma kwa mafuta ya taa, anakaa miaka, anatoka anajua injini kwa sikio. Alichokosa ni mtu wa kumsikiliza rasmi. Hapa naipongeza VETA kwa kile wanachokiita urasimishaji wa ujuzi: fundi aliyejifunzia mtaani anapimwa akiwa anafanya kazi yenyewe, anaulizwa, anafundishwa yale yaliyopungua, kisha anapewa cheti cha kiwango alichofikia. Kenya nako fundi wa jua kali anaweza kufanya mtihani wa ufundi wa NITA na kuanza na gredi ya tatu, kisha ya pili, kisha ya kwanza, na akiwa na gredi hiyo mkononi ana la kuonyesha mbele ya mwajiri au mwenye zabuni.

Na mafundi hao ndio wanaonikumbusha kwamba kusoma bila kukoma mara nyingine si hiari. Fundi aliyezijua kabureta akalala usingizi aliamka akakuta magari yana sindano za mafuta zinazoendeshwa na kompyuta, na sasa yanashushwa bandarini magari ya mtumba kutoka Japani yenye injini na betri kubwa kwa pamoja. Huwezi kulijua gari hilo kwa sikio. Ziko gereji ambazo mafundi wamechangishana wakanunua mashine moja ya kupimia magari, wanaizungusha kwa zamu, na kijana mwenye simu nzuri kuliko wenzake ndiye anayewatafutia maana ya namba za hitilafu zinazojitokeza. Mzee wa gereji anamuuliza yule kijana, kijana anamuuliza mzee kwa nini boliti hii hulegea. Sijui chuo chenye walimu bora zaidi ya hao wawili wakikubali kukaa benchi moja.

Walimu wa shule wamejaribiwa kwa njia mbili tofauti, na tofauti hiyo inafundisha. Mwaka 2021 tume ya walimu ya Kenya, TSC, ilitangaza mafunzo ya lazima ya kujiendeleza, moduli sita, kila moja ya miaka mitano, kwa vyuo vilivyoteuliwa, na kila mwalimu alipe shilingi 6,000 kwa mwaka kutoka mfukoni mwake. Vyama vya walimu vilikataa, na ukipiga hesabu unaelewa: moduli sita kwa miaka mitano ni miaka 30, yaani maisha mazima ya kazi, kulipia ruhusa ya kuendelea kufanya kazi ambayo umeshaisomea. Hoja ya TSC kwamba mwalimu hawezi kuishi na ujuzi wa siku aliyohitimu ilikuwa sahihi. Bili ndiyo iliyoiharibu. Tanzania imekuja na MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, ambapo walimu wa shule moja hukutana palepale shuleni katika jumuiya za kujifunza, wakazungumzia somo lililowashinda wiki hiyo. Hayana hoteli, kwa hiyo hayana mvuto. Pale mwalimu mkuu anapoyachukulia kama ratiba nyingine ya kujaza kwenye ripoti, hufa. Pale mwalimu wa darasa la pili anapothubutu kusema mbele ya wenzake kwamba watoto wake hawajaelewa kutoa kwa kukopa na yeye hajui afanyeje tena, hapo yanakuwa mafunzo, na hayamgharimu mtu hata mia.

Kusema hivyo mbele ya wenzako ni kugumu kuliko mtihani. Hospitalini wana kikao kwa ajili hiyo. Kila kifo cha mama kinachotokana na uzazi hutakiwa kujadiliwa: alifika saa ngapi, nani alimwona, damu ilikuwapo, ruhusa ya upasuaji ilicheleweshwa wapi. Kikao hicho kikiendeshwa kama mahakama, watu hujifunza kuandika faili kwa namna ya kujikinga. Kikiendeshwa kama darasa, muuguzi wa mwaka wa kwanza anapata katika saa moja kile ambacho kitabu hakiwezi kumpa. Daktari kijana mwenye akili huingia wodini akamwambia mkunga mzoefu, “Sista, hebu nielekeze, hapa ungeanza na nini?” Hapungukiwi na shahada yake hata kidogo.

Ifakara walilichukua wazo hilo la kada tofauti kujifunza pamoja wakalipeleka mbele. Chuo chao, kilichoanza mwaka 1961 kwa msaada wa Waswisi kama kituo cha kufundishia watumishi wa afya wa vijijini, kilibuni kozi ya miezi mitatu ya huduma za dharura za uzazi: AMO wanafundishwa upasuaji, wauguzi wakunga wanafundishwa kutoa dawa ya usingizi, ili vituo vya afya vya mbali viweze kupasua bila kumsafirisha mama. Mantiki yake ni nyepesi. Mpasuaji asiye na wa kulaza mgonjwa amejifunza bure. Ofisi nyingi humpeleka mtu mmoja kozini, anarudi na lugha mpya ambayo hakuna anayeielewa, baada ya miezi miwili anaiacha mwenyewe. Ukipata nafasi ya kwenda kusoma, pigania mwenzako wa meza ya pili aende nawe, hata kama ni kozi fupi zaidi.

Mwishoni mwa miaka ya 2010 Serikali ya Tanzania iliacha kudahili AMO wapya. Vyuo vya udaktari vilikuwa vimeongezeka, na madaktari wenye shahada wamekuwa wengi kiasi kwamba baadhi wako mtaani wakisubiri ajira. Kuendelea kufundisha kada ya kati kungeonekana kioja. Hoja ninaielewa. Bado nasikitika, na sababu ni yule tabibu wa kando ya ziwa. Zamani mbele yake kulikuwa na kipandio cha miaka miwili. Leo kilicho mbele yake ni shahada ya miaka mitano, kwa ada ambayo mshahara wake hauifikii, akashindanie nafasi na vijana waliotoka shule mwaka jana. Wapo watakaoruka. Wengi watabaki walipo, na mtu anayejua kwamba hana pa kupanda huacha kuuliza maswali. Nasema hili pia kwa waajiri wanaosoma sura hii, wale wanaolalamika kwamba vijana wao hawataki kujifunza: nendeni mkahesabu vipandio vilivyobaki kati ya mfanyakazi wenu wa chini na meza ya meneja.

Linabaki suala la umri, na huanza kwa maneno “mimi nimeshachelewa.” Tulipigie hesabu. Umri wa kustaafu kwa lazima katika utumishi wa umma Tanzania ni miaka 60. Mwenye miaka 46 akiingia kozi ya miaka miwili anatoka na 48, ana miaka 12 ya kuitumia, muda unaotosha kuwafundisha kazi watu wengine wengi. Huyohuyo akitaka udaktari, miaka mitano na mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo, anatoka na 52, akiwa na minane mbele yake na pengine mkopo. Hapo inabidi akae na familia, na jibu linaweza kuwa hapana bila aibu yoyote. Kwa kozi ya miezi mitatu huhitaji hesabu hiyo. Hapo swali ni nani atakushikia zamu, na barua ya kuomba ruhusa iwe imefika kwa mkubwa wako kabla ratiba ya mwezi ujao haijabandikwa.